INR ya mama imeruka kutoka 1.7 hadi 6.1: damu huganda vipi, na warfarini inafanya nini hasa?

Mkulima wa Hombolo

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa rika langu. Ninaomba maelezo, si tiba, kwa sababu daktari tunaye na dawa tunazo. Tunachokosa ni kuelewa.

Mama yangu ana miaka 58. Miaka minne iliyopita alifanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam, akawekewa vali ya chuma upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, baada ya vali yake ya asili kuharibiwa na homa ya rumatiki aliyougua utotoni. Tangu hapo humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ya miligramu 5 kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na hupimwa kipimo kiitwacho INR, ambacho namba yake hupanda kadiri damu inavyochelewa kuganda. Tuliambiwa kwamba kwa vali ya aina yake namba hiyo inatakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5, na kwa muda mrefu ilikaa humo bila taabu.

Mwezi wa kumi ilishuka hadi 1.7. Daktari akaongeza dozi: kidonge kimoja na nusu kwa siku tatu za wiki, na kimoja kwa siku zilizobaki. Mwanzoni mwa Januari, mhudumu wa kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja akamwambia mama aache kabisa majani ya kijani kwa kuwa yanagandisha damu. Sasa fikirieni kumkataza mlenda mama wa Kigogo katika msimu wa mvua, wakati mlenda unaota hadi nyuma ya choo. Alitii hata hivyo. Kwa wiki tatu alikula ugali wa uwele kwa maharage, dagaa au nyama. Mwishoni mwa mwezi akaanza kuharisha, na katika duka la dawa akapewa Flagyl ya siku tano bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Siku ya tano asubuhi nilimkuta akisukutua mdomo na maji yanatoka mekundu, na kwenye mkono, pale alipobanwa na mpini wa ndoo, palikuwa na baka la zambarau lenye ukubwa wa kiganja. Hospitali walipopima, INR ilikuwa 6.1. Daktari amesimamisha warfarini kwa siku mbili, na siku ya tatu tutarudi kupima.

Ninayotaka kuyafahamu ni haya. Damu inaganda kwa utaratibu gani, na dawa hii inaingilia wapi? Je, ni kweli mlenda ni adui wa mama? Na kwa nini asipewe aspirini, ambayo haihitaji kupimwa kila mara, kama anayopewa mjomba wangu mwenye ugonjwa wa moyo?

Mfamasia wa Zamu

Ndugu Mkulima, pole kwa mama. Umefanya vema kukimbilia hospitali badala ya kusubiri fizi zikome kutoka damu zenyewe.

Nianze na kidole chako mwenyewe. Ukiwa unapogoa mizabibu na mkasi ukakukata, jambo la kwanza kutokea ni mshipa mdogo uliokatika kujibana. Ndani ya sekunde chache chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo vya seli vinavyoelea katika damu kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kufa, hunata kwenye ukingo wa jeraha, huitana kwa kemikali na kurundikana hadi kuwa kizibo. Kizibo hicho ni dhaifu na ukikigusa kinaachia. Kinachokiimarisha ni kundi la protini zinazotengenezwa zaidi na ini, ambazo nitaziita vigandishi. Vigandishi hivi huzunguka mwilini vikiwa vimelala. Damu inapogusana na tishu zilizo nje ya mshipa, kigandishi kimoja huamka na kuamsha vingine vingi, navyo huamsha vingi zaidi, mpaka ipatikane protini iitwayo trombini. Hiyo huikata fibrinojeni, iliyokuwa imeyeyuka katika damu, na kuifanya nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo husuka wavu juu ya kizibo na kunasa chembe nyekundu, na kile kigaga unachokibandua baada ya wiki ni mabaki ya wavu huo.

Moto wa namna hiyo usipokuwa na wa kuuzima ungegandisha damu yote ya mwili kwa sababu ya mkwaruzo mmoja. Kwa hiyo mwili una breki zake: antitrombini, protini C na S, na baadaye plazimini, ambayo huulamba wavu taratibu jeraha likishapona. Afya ni mizani kati ya pande hizo mbili. Bonge hutokea mahali pasipotakiwa endapo damu inatuama, ukuta wa mshipa umeharibika, au damu yenyewe imeelemea upande wa kuganda. Vali ya chuma ni uso mgeni ambao damu haikuumbwa kuutambua kama ukuta wake, na nyuma ya bawaba zake pana vipembe ambamo damu huzungukazunguka polepole. Bonge dogo likijenga hapo linaweza kuizuia vali isifunguke, au likachomoka na kwenda kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi.

Sasa warfarini. Watu husema ni dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na mgonjwa hupata picha ya uji ulioongezwa maji. Damu ya mama ina uzito ule ule kama yako. Kinachotokea kipo ndani ya ini. Vigandishi namba II, VII, IX na X, vinapomalizika kutengenezwa, vinahitaji vitamini K ivipachike kitu mfano wa mikono, ambayo kwayo hushika kalsiamu na kujishikiza kwenye jeraha. Kila vitamini K inapofanya kazi hiyo mara moja huchakaa, na kuna kimeng'enya kinachoifanya upya ili itumike tena. Warfarini hukizuia kimeng'enya hicho. Ini linaendelea kutoa vigandishi, lakini vingi havina mikono.

Utaona hapo kwa nini dawa hii huchelewa. Haivigusi vigandishi vilivyokwisha kuingia kwenye damu; inabidi vife vyenyewe. Namba VII hupungua kwa nusu ndani ya saa kama sita, ilhali namba II huchukua siku mbili hadi tatu, ndiyo maana nguvu kamili ya warfarini huonekana baada ya siku tano hivi, na mgonjwa mwenye bonge jipya huanza kwa sindano za heparini, ambayo huichochea antitrombini papo hapo, huku warfarini ikisubiriwa. Hata kubadilisha dozi leo hakutaonekana kesho asubuhi.

Kuhusu mlenda, yule mhudumu alishika nusu ya jambo. Majani ya kijani kama mlenda, mchicha, majani ya maboga, kisamvu na majani ya kunde yana vitamini K, mengine kwa wingi, na moto wa jikoni hauiharibu kwa urahisi. Mgonjwa akila mengi ghafla, INR hushuka. Lakini dozi ya mama ilipangwa akiwa mla mlenda. Mlenda ulikuwa umo ndani ya hesabu. Ulipoondolewa, dozi ile ile ikawa kubwa kuliko mahitaji yake. Anachotakiwa kufanya ni kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na kumweleza daktari msimu unapobadilisha chakula cha nyumbani, jambo ambalo kwetu Dodoma hutokea kila mwaka mvua zinapoanza na zinapokatika. Zabibu zako anaweza kula. Vitamini K yake ni kidogo. Mvinyo ni habari nyingine, hasa unaponywewa kwa wingi siku moja.

Flagyl ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na kwa hili ninalilaumu lile duka. Metronidazoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Flagyl, hukizuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja warfarini, kwa hiyo dawa hurundikana mwilini bila dozi kuongezwa. Septrin na flukonazoli hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huharakisha kuivunja warfarini hadi dozi ikalazimika kuongezwa sana, na hatari huja pale matibabu ya kifua kikuu yanapokwisha halafu hakuna anayekumbuka kuishusha. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza zisiisogeze namba ya INR hata kidogo, lakini hukwaruza tumbo na kudhoofisha chembe sahani, kwa hiyo mgonjwa hutokwa damu huku karatasi ya maabara ikionesha hali ni njema. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni afadhali, ingawa nayo ikimezwa kwa dozi kubwa siku nyingi mfululizo hupandisha INR. Tena mtu anayeharisha hali chakula vizuri, na hilo peke yake hupandisha namba.

Swali lako la aspirini ni zuri. Aspirini haigusi vigandishi. Huzima kimeng'enya ndani ya chembe sahani kinachotengeneza kemikali ya kuitana. Chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kingine, kwa hiyo ikishazimwa imezimwa mpaka ife, na ndiyo sababu dozi ndogo ya mara moja kwa siku inatosha. Dawa hiyo, pamoja na klopidogreli, hufaa zaidi kwenye mishipa ya ateri iliyojaa mafuta, ambako bonge huanza kwa chembe sahani, na bila shaka huo ndio ugonjwa wa mjomba wako. Kwenye vali ya chuma tatizo kubwa ni vigandishi na fibrini, na aspirini peke yake haitoshi kumlinda mama.

Dereva wa Manyoni

Ninashukuru kwa elimu hiyo. Nami nichangie kwa uzoefu wangu. Nilivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, nikawekewa plasta, na wiki ya tatu paja likavimba na kuwa la moto. Kumbe bonge lilikuwa limejenga kwenye mshipa wa ndani. Nilipewa rivaroksabani, miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku pamoja na chakula. Sijawahi kupimwa INR, ninakula mchicha ninavyotaka, na ninaendesha gari langu kama kawaida. Gharama ni kubwa kuliko warfarini, lakini ukijumlisha nauli za kwenda kupima utaona tofauti si kubwa hivyo. Kwa nini mama asihamishiwe kwenye dawa hizi mpya na kuachana na mateso?

Mfamasia wa Zamu

Ndugu Dereva, kwa mguu wako ulipewa dawa sahihi. Kwa mama wa Hombolo dawa hiyo hiyo inaweza kumuua, kwa hiyo naomba wasomaji wote walisome hili kwa makini.

Dawa hizo mpya hazipitii kwenye vitamini K. Rivaroksabani na apiksabani hukizuia moja kwa moja kigandishi namba X kilichoamka, na dabigatrani huizuia trombini yenyewe. Hufanya kazi ndani ya saa chache, chakula hakiziyumbishi kama kinavyoiyumbisha warfarini, na kwa bonge la mguuni au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa mtu mwenye vali zake mwenyewe zilizo nzima, zimekuwa nafuu kubwa. Lakini dabigatrani ilipojaribiwa kwa wagonjwa wenye vali za chuma, utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha mabonge mengi zaidi na kutokwa damu kwingi zaidi kuliko kwa waliomeza warfarini. Apiksabani nayo ilijaribiwa kwenye aina moja ya vali ya chuma, na mwaka 2022 utafiti huo pia ukasimamishwa kwa sababu ya mabonge. Uso wa chuma huanzisha kuganda kwa nguvu na kutoka ngazi kadhaa kwa mpigo. Dawa inayoziba ngazi moja tu huzidiwa, ilhali warfarini hupunguza vigandishi vinne kwa pamoja.

Hata kwa wenye vali zao za asili zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, jambo linalotuhusu sana sisi Waafrika, mwaka huo huo wa 2022 ulichapishwa utafiti mkubwa wa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walitarajia rivaroksabani ingeshinda au angalau ingelingana na dawa za zamani. Waliomeza dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotarajia vinginevyo.

Na moja kwa kina dada wanaosoma: warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Mwenye vali ya chuma anayetaka ujauzito amwone daktari wake kabla ya kushika mimba, wala asiiache dawa kwa uamuzi wake.

Mfugaji Mstaafu

Mbukwenyi nyote. Mimi si daktari wa watu. Nilikuwa afisa mifugo, nikafanya kazi miaka mingi wilayani Mpwapwa, na warfarini ninaifahamu kwa upande wa ng'ombe na panya. Ninaandika kwa sababu nimewahi kusikia mtu akimwambia mgonjwa kwamba dawa hii ni sumu ya panya. Ni kweli, na ni vizuri ukweli huo usimuliwe wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko Kanada na katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Ukimkata ndama pembe au kumhasi, damu haikomi mpaka anaanguka. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba wote walikuwa wamekula majani makavu ya mmea wa jamii ya klova ambayo yalihifadhiwa yakiwa na unyevu hadi yakaota ukungu. Waliolishwa majani yasiyooza ya shamba lile lile hawakuugua. Mwaka 1933, katika baridi kali na theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin alifika kwenye maabara ya mkemia Karl Paul Link akiwa na mzoga wa mtamba, gunia la majani yaliyooza na ndoo ya maziwa iliyojaa damu ambayo haikuwa imeganda. Mimi niliyewahi kukinga damu ya ng'ombe machinjioni, nikaiona ikigeuka kuwa maini kabla sijaisogeza ndoo, huwa naifikiria ile ndoo yake.

Ilichukua miaka sita wenzake Link kuitenga kemikali yenyewe, dikumaroli, ambayo ukungu huitengeneza kutokana na kitu kinachoupa mmea ule harufu yake tamu. Baadaye wakatengeneza kemikali nyingine za ukoo huo, na mojawapo, yenye nguvu zaidi, ikauzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Jina lake limetokana na herufi za taasisi iliyogharimia utafiti, WARF. Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani alimeza sumu hiyo siku kadhaa akitaka kujiua, akatibiwa hospitali kwa vitamini K na damu, akapona. Madaktari wakaona kumbe madhara yake yanarudishika, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibia watu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipougua moyo, alikuwa miongoni mwa waliopewa.

Tofauti kati ya sumu na dawa hapa ni kiasi, na kipimo kinachosimamia kiasi hicho. Panya hana INR. Sumu nyingi za panya zinazouzwa siku hizi, za kumwagwa kwenye maghala ya nafaka kama ya Kibaigwa, hazina hata warfarini tena. Zina ndugu zake kama brodifakumu, ambazo hukaa mwilini kwa wiki nyingi. Nimezika mbwa kwa sababu ya vijiwe hivyo vya rangi. Mtoto akivila, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheza, kwa kuwa damu hutoka siku kadhaa baadaye, kwa sababu ile ile aliyoieleza Mfamasia ya vigandishi vya zamani kuisha kwanza.

Mtu wa Maabara

Mzee wangu, shikamoo, hiyo ndoo nimeipenda. Nami niongeze yanayotokea upande wetu wa dirisha.

Damu ya INR huchukuliwa kwenye tyubu yenye kifuniko cha buluu, ambayo ndani ina sitrati. Sitrati huikamata kalsiamu, na bila kalsiamu vigandishi haviwezi kushikana, kwa hiyo damu inabaki majimaji hadi ifike kwenye mashine. Hapo tunaizungusha, tunachukua utegili wake, yaani yale majimaji ya juu yasiyo na chembe, tunairudishia kalsiamu pamoja na kitendanishi kinachojifanya tishu iliyojeruhiwa, kisha tunahesabu sekunde mpaka iunde wavu. Kwa mtu asiyetumia dawa huwa ni sekunde kama 11 hadi 13. Zamani kila maabara ilikuwa na kitendanishi chake na sekunde zake, na mgonjwa aliyehama mji alionekana amebadilika wakati hajabadilika. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likakubali mizani moja ya kimataifa, na ndiyo INR. Namba 1 ni ya mtu wa kawaida.

Jambo moja ndugu Mkulima alichunguze. Tyubu ile ina mstari, na damu lazima ifike mstarini, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati. Ikijazwa nusu, sitrati inazidi, inaila hata kalsiamu tunayoirudisha, na INR inasomeka juu kuliko ilivyo. Fizi za mama zilikuwa zinatoka damu, kwa hiyo 6.1 yake siitilii shaka, ila siku ya kupima angalia mstari kwa macho yako. Ukiona haijafika, omba irudiwe, hakuna atakayechukia.

Kwa walio vijijini ambako mashine hakuna, hasa mtu akiumwa na nyoka, kipo kipimo kisichohitaji umeme: damu kidogo kwenye tyubu kavu na safi ya kioo, iachwe imesimama dakika 20 bila kutikiswa, kisha iinamishwe mara moja. Ikimwagika kama maji, vigandishi vimeliwa na sumu. Lazima iwe ya kioo, kwa kuwa ni uso wa kioo unaoiamsha damu. Kwenye plastiki majibu yatakudanganya. Kipimo hiki hakifai kupangia dozi ya warfarini, msije mkakifanya nyumbani.

Ninalojiuliza ni ile 1.7 ya mwezi wa kumi. Flagyl na kuacha mlenda vinaeleza kupanda kwa Januari. Nini kiliishusha kabla? Mwezi wa kumi huku kwetu ni kiangazi, majani mabichi hayapatikani kirahisi. Ningetarajia ipande, si ishuke.

Mkulima wa Hombolo

Ninarudi na majibu, na samahani kwa kuchelewa siku tatu.

Swali la Mtu wa Maabara lilinikosesha usingizi. Jana jioni nikamsomea mama ujumbe wa Mzee Mfugaji wote, na nilipofika kwenye sumu ya panya aliinama akawa anachezea ncha ya khanga yake. Kisha akasema. Mwezi wa tisa jirani mmoja anayefanya biashara ya mahindi alikiona kidonge, akamwambia kwamba hiyo ndiyo wanayowamwagia panya ghalani. Tangu siku hiyo alikuwa anameza siku moja na kuruka nyingine, nami nikihesabu pakiti naona zinapungua kwa sababu alivitupa chooni. Alipoona daktari ameshtushwa na 1.7 na kutaja kiharusi, aliogopa, akaanza kumeza vyote kila siku. Wakati huo dozi ilikuwa imekwisha kuongezwa.

Kwa hiyo dozi iliongezwa kwa ajili ya vidonge ambavyo hakuwa anavimeza. Kisha ukaondoka mlenda, kisha ikaja Flagyl. Nimemweleza daktari leo asubuhi yote matatu, na mama mwenyewe alikuwepo akitikisa kichwa kukubali. Daktari hakufoka. Tyubu ilijaa mpaka mstarini, niliitazama. INR imesoma 3.3. Amemrudisha kwenye kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku kama zamani, na turudi baada ya siku tano. Ameandika pia kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari la kliniki: ANATUMIA WARFARINI, ULIZA KABLA YA KUMPA DAWA YOYOTE, ili lionekane hata na wale wa duka la dawa.

Mama ameuliza swali moja tu tukiwa njiani kurudi Hombolo, nami ninalileta kwenu kama lilivyo: je, leo usiku anaweza kupika mlenda?

Mfamasia wa Zamu

Apike. Aanze na kiasi kile alichozoea kabla ya Januari, si kufidia wiki tatu kwa siku moja, na mpime kwa chombo kimoja ambacho hakibadiliki. Hizo siku tano daktari aliwapa ni chache kwa makusudi, kwa hiyo msizipitishe: mlenda unarudi, nguvu ya Flagyl inaisha, na vyote viwili vitaivuta namba kwenda chini. Mkikuta iko chini ya 2.5 msishangae, wala msiongeze kidonge wenyewe.

Mkulima wa Hombolo

Tumechagua kile kikombe cha bati chenye pembe iliyobonyea. Kimejaa kimoja, na karanga amezitwanga mwenyewe.

Mtu wa Maabara

Siku ya kupima njooni asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, na mje na daftari.